Upinde mrefu wa mkole, paundi 90: mgongoni nibandike nini kwa hali ya hewa ya Mwanza?

Shabaha_Pasiansi aliandika:

Mwangaluka wakuu.

Nina upinde mrefu wa mkole uliofika nusu ya kazi na sasa nimesimama kwenye suala la mgongo (upande wa nje, unaotazama shabaha). Vipimo ni hivi: kutoka mkato wa uzi hadi mkato mwingine sm 188, upana mm 38 katikati na mm 14 nchani, unene mm 32 katikati ukishuka hadi mm 20 karibu na ncha. Hauna kishikio kigumu, unapinda wote. Lengo ni paundi 90, yaani kama kilo 41, ukivutwa inchi 28. Ni wa kulenga shabaha tu.

Shida ni kwamba mgongo umepigwa randa ukawa bapa, kwa hiyo nyuzi za mti zimekatwa. Kwenye mkono mmoja (nusu moja ya upinde) nyuzi zinakimbilia pembeni sehemu mbili, na sm 55 kutoka katikati kuna jicho dogo la mti. Mbao imekauka: inapimwa kila siku kwa wiki mbili sasa na uzito haushuki.

Vitu ninavyoweza kupata hapa mjini ni kano za ng'ombe kutoka machinjioni, ngozi mbichi ya mbuzi, mwanzi, faiba ya kutengenezea maboti, nyuzi za nyavu na katani. Kipi kibandikwe, unene gani, gundi gani? Na unyevu wa ziwa unabadilisha nini?

---

RandaNaTupa alijibu:

Mkuu, kwa paundi 90 na urefu huo, jibu ni mwanzi. Kwanza nieleze kwa nini, maana ukishika sababu hutapotea kwenye vipimo.

Upinde ukivutwa, mgongo unavutwa na tumbo (upande unaomtazama mvutaji) linabanwa. Mbao ngumu nyingi huanza kukatika mgongo ukirefuka kwa karibu asilimia 1 tu. Ukikata nyuzi kwa randa, ile sehemu ambayo uzi unaishia pembeni ndiyo inaanza kunyanyua kibanzi, na kibanzi kikishanyanyuka huna upinde tena. Kwa hiyo unahitaji kitu chenye nyuzi zisizokatika kutoka ncha hadi ncha, kinachokubali kurefuka zaidi kidogo kuliko mkole wako, na kinachokaribiana nao kwa ugumu wa kupinda. Mwanzi una sifa zote tatu. Nyuzi zake nyingi na zenye nguvu ziko nje, chini kidogo ya ganda linaloteleza, na ndani ni laini zaidi. Ndiyo maana upande wa nje hauguswi kwa randa hata kidogo.

Chagua mwanzi wa miaka 3 au zaidi. Utaujua kwa kuwa maganda ya kwenye vifundo yameshaanguka, rangi imefifia, umeota madoa ya kuvu kijivu, na ukiugonga unalia kavu. Mwanzi mchanga ukikauka unanywea na kujikunja. Kipenyo kiwe sm 10 au zaidi, kwa sababu mwanzi mwembamba una mviringo mkali na ukishausawazisha upande wa ndani, katikati inabaki nene na kingo zinaisha.

Pasua kipande cha upana wa sm 5, kiache kikauke kivulini, kisha anza kupiga randa upande wa NDANI hadi ukae bapa kabisa juu ya kioo au juu ya bao lililonyooka. Kwa upinde wako: mm 4 katikati, mm 2.5 nchani, ukipima kwenye mgongo wa mviringo, si kwenye kingo. Kingo zitakuwa nyembamba zaidi, hiyo ni sawa. Nje kwangua ganda la nta tu kwa kisu kilichoshikwa wima, taratibu, na ukiona nyuzi zimeanza kuonekana kama michirizi, acha. Vifundo vya mwanzi usivisawazishe vikawa bapa. Lainisha ncha kali basi, maana pale nyuzi zinapanda na kushuka, na ukivikata umerudi kwenye tatizo lile lile la mkole.

Sasa hili ndilo watu husahau: ukibandika mm 4 juu ya mm 32 utapata mm 36, na huo hauvutiki. Nguvu ya upinde inapanda kwa kipeo cha tatu cha unene (unene mara unene mara unene), yaani ukipunguza unene kwa moja ya kumi, nguvu inashuka kwa zaidi ya robo. Kwenye unene wa mm 30 kila milimita moja inabeba karibu asilimia 10, kwa hiyo kwako ni kama paundi 9. Upana wenyewe unaenda sawa kwa sawa tu. Hivyo kabla ya gundi, punguza mkole hadi mm 29 katikati, upige mgongo wake bapa kabisa (zile nyuzi zilizokatwa hazina madhara tena zikiwa chini ya mwanzi), na uache jumla ya mm 33. Ziada utaitoa tumboni wakati wa kusawazisha mpindo (kukwangua hadi mikono yote miwili ipinde sawa).

Gundi: epoksi ya sehemu mbili inayokauka polepole. Ile ya dakika 5 usiiguse, itaganda kabla hujafika katikati ya upinde. Gundi nyeupe ya samani nayo hapana: chini ya mzigo wa kudumu inateleza kidogo kidogo, na upinde ukiachwa kwenye gari juani unalainika. Kwa eneo lako gramu 80 zinatosha, nusu mkole, nusu mwanzi. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 60 au kwa meno ya msumeno wa chuma, kwa urefu, kisha pangusa kwa asetoni na kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke safi. Baada ya hapo usishike kwa vidole.

Kufunga: kata tyubu ya baiskeli iwe kanda za sm 3, zungushia upinde wote kwa kuivuta sawasawa. Tyubu inabana vizuri kuliko klampu chache zilizo mbalimbali. Ukitumia klampu, weka moja kila sm 6 na kipande cha mbao chini yake. Usibane kwa hasira. Epoksi inataka kubaki tabaka jembamba katikati. Ukiikamua yote nje, kiungo kinakuwa kikavu na kitabanduka. Weka kabari chini ya ncha ili upinde ukaukie ukiwa umepinda kinyume kwa sm 4. Acha saa 24 kabla ya kufungua, siku 7 kabla ya kuvuta.

---

Mwalo_Kirumba alijibu:

Naunga mkono mwanzi. Niongeze tu kwa nini vile vingine alivyotaja ndugu yetu havifai, hasa nyuzi za nyavu na faiba, kwa sababu viko kila duka hapa na vinavutia kwa bei.

Nyuzi za nyavu ni nailoni nyingi. Nailoni inarefuka asilimia 15 hadi 30 kabla ya kukatika. Mkole wako unakatika kwa asilimia 1. Maana yake mbao itakuwa imeshavunjika, nailoni bado haijaanza kubeba chochote. Itakachofanya ni kushika vipande visiruke usoni, na hilo lina thamani yake, lakini si tabaka la mgongo. Pamba ina kasoro ya namna hiyo hiyo kwa kiasi kidogo, inarefuka asilimia 7 au 8. Huku kwetu pamba imejaa, lakini kitambaa cha pamba juu ya mgongo ni bendeji.

Faiba ina kasoro ya upande wa pili. Nyuzi za kioo zikiwa zimenyooka ndani ya resini, ugumu wake wa kupinda ni kama mara 3 ya mbao ngumu. Kwa hiyo mgongo unagoma kabisa kurefuka, na mzigo wote unasukumwa tumboni. Mkole utabanwa mpaka tumbo lionyeshe mikunjo midogo ya kukingama kama nywele, unaipapasa kwa ukucha. Ukiiona hiyo, pale pameshapondeka na hapaponi. Na ile faiba ya maboti ambayo ni kama mkeka, nyuzi zimetupwa kila upande, kwa hiyo theluthi yake tu ndiyo inakufanyia kazi, zilizobaki ni uzito. Juu ya hayo, resini ya polyesta inayotumika kwenye maboti haishiki vizuri kwenye mbao ngumu, inabanduka kama ganda.

Wengi huhofia mgongo kuvunjika, na kwa upinde mzito hofu hiyo inawafanya wabandike kitu chenye nguvu mno. Paundi 90 zinaua tumbo mara nyingi kama zinavyoua mgongo. Hata mwanzi wenyewe una nguvu kuliko mkole kwa kuvutwa, kwa hiyo mkuu, ukishabandika, upunguze upana wa mgongo: chonga ubavu uwe wa kuinama, mgongo ukiwa mm 28 na tumbo likibaki mm 38 katikati, na uwiano huo huo uende hadi ncha. Hapo tumbo linapata mbao nyingi ya kubanwa na mwanzi unalazimika kufanya kazi.

Ukitaka tumbo lipate ugumu zaidi, lichome kabla ya kubandika mwanzi (joto la baadaye litaharibu epoksi). Jiko la mkaa uliokolea usio na moshi, tumbo likiangalia moto kwa umbali wa sm 12, upinde umefungwa kwenye bao lenye mkunjo wa kinyume, unasogeza kila sehemu inapogeuka rangi ya kahawia hafifu. Si nyeusi. Kazi ya saa 3 au 4. Kisha uache wiki mbili kivulini urudishe unyevu wake. Mbao iliyotoka motoni ni kavu mno, ukiivuta kesho yake inapasuka.

---

KanoNaGundi alijibu:

Msiitupe kano haraka hivyo wakuu. Kano inarefuka karibu asilimia 8 hadi 10 kabla ya kukatika, mbao haifikii hapo hata kidogo, na ndiyo nguvu ya pinde fupi za Asia zilizounganishwa pembe na kano. Lakini nakubali kwamba kwa upinde wa sm 188 haifai, na sababu yake ni hii: upinde mrefu haupindi kwa ukali wa kutosha kuifanya kano ifanye kazi. Unakuwa umebeba uzito wa kano na gundi mpaka nchani, na ncha nzito inapunguza kasi ya mshale. Kano ingekuwa na maana kama ungeufupisha hadi sm 145 au 150, na hapo mvuto wa inchi 28 unaanza kuwa wa hatari kwa mkole mtupu.

Kwa atakayetaka kuijaribu kwenye upinde mfupi, utaratibu ni huu. Chukua kano za miguu ya nyuma, safisha nyama na mafuta yote, anika zikauke ziwe kama plastiki ya njano. Zigonge kwa nyundo ya mti juu ya jiwe laini (si chuma chenye kingo, kitakata nyuzi) hadi zifunguke, kisha zichambue kwa vidole ziwe mafungu ya unene wa njiti ya kiberiti. Andaa gramu 250 hadi 300 kavu.

Gundi ndiyo bahati yetu watu wa ziwa. Bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa. Duniani mafundi wa pinde za kano wamekuwa wakisifia gundi ya bondo la samaki kuliko ya ngozi, kwa sababu inachelewa kuganda, unapata muda wa kupanga, na ikikauka inapinda bila kupasuka. Bei ya bondo iko juu kwa kuwa linasafirishwa nje, kwa hiyo tafuta vipande na yaliyochanika. Vua utando wa nje, toa damu na mafuta kabisa, loweka usiku kucha, katakata, kisha pika kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, nyuzijoto 60 hadi 65, saa kadhaa, mpaka liyeyuke. Lisichemke. Likichemka gundi inakufa: itanata kwa vidole lakini haitashika mbao. Chuja kwa kitambaa. Iwe nzito kama asali nyepesi, na ukibana vidole viwili na kuviachanisha itoe nyuzi nyembamba.

Mgongo unapakwa gundi nyepesi mara 2 au 3 na kuachwa ukauke kila mara, ndipo mafungu ya kano yaliyolowa gundi yanapangwa kama matofali, ncha zisikutane pamoja. Tabaka la pili baada ya siku 5 hivi, likigusika kavu. Halafu subiri miezi 2 au 3.

Na hapa ndipo Mwanza inapokugomea. Kano na gundi ya wanyama vinanyonya unyevu wa hewa. Ukianza Machi, masika yote haitakauka, itanuka na kuota ukungu. Anza Juni, umalize Agosti. Hata ikikauka, mvua za Novemba zikifika upinde unapungua nguvu, unalegea, halafu Julai unarudi. Vanishi inapunguza tatizo, haiondoi. Kwa upinde mzito unaotaka ujue unavuta nini kila siku, hiyo ni kero ya kudumu.

---

Shabaha_Pasiansi aliandika:

Wabeja sana wakuu. Basi kano naiweka pembeni, nimeelewa kuhusu tumbo na hasa hilo la kupunguza upana wa mgongo, sikulijua.

Maswali matatu. Mwanzi unaopatikana kirahisi hapa ni ule mnene wa kawaida, wa kijani unaogeuka njano, na vipande vingi sokoni vina vitundu vya dumuzi na unga mweupe unadondoka. Kuna dawa? La pili: vipande vizuri nilivyoona ni vya sm 110. Naweza kuunga viwili katikati? La tatu, je ngozi ya mbuzi ikiwa juu ya mkole peke yake haitoshi kweli? Imezoeleka hapa kwenye ngoma na kuipata ni rahisi kuliko vyote.

---

FundiIgoma alijibu:

Nijibu kwa kuanza na la mwisho. Ngozi ya mbuzi ni kinga, si nguvu. Ngozi mbichi ya mm 0.6 hadi 0.8 inazuia kibanzi kuanza kunyanyuka, na kwa upinde wa paundi 40 au 50 wenye kasoro ndogo inatosha kabisa. Kwa paundi 90 na nyuzi zilizokatwa sehemu mbili, ngozi itakaa nzima huku mbao chini yake imevunjika. Utaona mfuko wenye vipande ndani. Nayo inanyonya unyevu kama kano. Ya ng'ombe ndiyo usifikirie, ni nzito mno.

Kuunga mwanzi: kwa upinde wako, hapana. Kiungo cha kukutanisha katikati kinakubalika kwenye upinde wenye kishikio kigumu kisichopinda, ukakifunika kwa kipande cha juu cha sm 12 na kukizungushia uzi. Wako unapinda wote, kwa hiyo katikati inavutwa kama sehemu nyingine. Kiungo kitafunguka siku ya kwanza ya mvuto kamili. Kama huna budi, badilisha upinde: gundisha kipande cha mbao ngumu tumboni katikati, urefu sm 25, kikiwa kinene cha kutosha sm 10 za kishikio zisitikisike, kisha kingo zake zishuke taratibu zisiishie ghafla. Lakini unakula sm 20 za urefu unaopinda, na mikono iliyobaki inafanya kazi zaidi. Tafuta tu mwanzi wa mita 2. Nenda kwenye shamba lenyewe badala ya sokoni, ukate mwenyewe. Unachagua umri na unachagua vifundo vilivyo mbalimbali.

Dumuzi. Huo mwanzi mnene una wanga mwingi, na wanga ndio chakula chake. Chenye vitundu tayari usikinunue hata kwa bure, maana njia zake zinapita ndani kwa urefu na huzioni. Kwa mpya: pasua ukiwa bado mbichi, toa kuta za vifundo kwa ndani, halafu loweka kwenye maji yenye gramu 30 za boraksi na gramu 20 za asidi ya boriki kwa kila lita, wiki moja. Bomba la plastiki la inchi 4 lililozibwa upande mmoja na kusimamishwa linatosha kwa vipande viwili vya mita 2. Kutoka hapo suuza, kausha kivulini. Ile chumvi nyeupe itakayobaki upande wa ndani lazima iondoke yote kwa randa kabla ya epoksi, la sivyo gundi inashika chumvi. Kama dawa hazipatikani, kuloweka kwenye maji ya kawaida wiki 3 hadi 4, ukibadilisha maji, kunapunguza wanga ingawa si kinga kamili.

Kukausha nako kuna kipimo: usitegemee macho. Pima kipande kwenye mizani ndogo ya duka kila siku tatu. Uzito usiposhuka kwa wiki nzima, tayari. Ukibandika mwanzi mbichi juu ya mkole mkavu, mwanzi utanywea ukiwa umeshagundishwa na upinde utajikunja kama herufi S au utabanduka kingo.

Kuna njia ya bei ndogo ambayo hapa haijatajwa vizuri: katani. Inarefuka asilimia 2 hadi 3 tu kabla ya kukatika, kwa hiyo tofauti na pamba na nailoni, inabeba mzigo pamoja na mbao. Tumia nyuzi zenyewe, si kamba iliyosokotwa, kwa sababu msokoto unajinyoosha kwanza ndipo uanze kuvuta. Chana nyuzi kwa burashi ya waya zitoke vumbi na vipande vifupi, zipange kwa urefu, ncha zipishane, zilowe epoksi kabisa, mm 1 hadi 1.5 ikiwa imeshakauka. Ubaya wake: nyuzi ni nene na ngumu, hewa inabaki katikati, na kwa paundi 90 zenye mbao iliyokatwa nyuzi mimi nisingeiamini peke yake. Kwa paundi 60 ningeiamini. Kwa upinde wenye jicho moja tu na mgongo mzima, ni nzuri sana.

---

RandaNaTupa alijibu:

FundiIgoma kamaliza, nami nasisitiza hilo la mita 2. Mkuu, kwa kuwa mwanzi utakuwa tayari, nieleze kusawazisha mpindo, kwa sababu tabaka zuri la mgongo haliwezi kuokoa upinde uliovutwa vibaya.

Tengeneza ukuta wa kuvutia: kapi chini, kamba inayoshika uzi wa upinde, na mizani ya ndoano ya kilo 50, kama zile za kupimia samaki mwaloni, katikati ya kamba. Simama pembeni, mita 2 au zaidi, usisimame kwenye mstari wa upinde. Kanuni ni moja: usivute kamwe kupita kilo 41, hata kama upinde umefika inchi 12 tu. Ukifika kilo 41 kwenye inchi 12, kwangua tumbo, vuta mara 30 hadi pale pale, pima tena. Mbao haitoi badiliko lote mara moja, zile mara 30 ndizo zinazoonyesha ulichokwangua. Anayeruka hatua hiyo anakwangua zaidi ya alichohitaji na anamaliza na paundi 70.

Mwanzi hauguswi wakati wote huu. Tumbo tu. Sehemu inayopinda kuliko jirani zake iwekee alama ya penseli na usiikwangue. Kwangua kila mahali isipokuwa hapo. Kwenye lile jicho la mti acha unene wa nusu milimita zaidi, sm 3 kila upande. Ukifika inchi 20, badilisha kutoka tupa kwenda kipande cha kioo au bati lenye makali, kila duru ikitoa vumbi badala ya maranda. Umbali wa uzi kutoka tumboni upinde ukiwa umefungwa: sm 15 hadi 16.

Sikiliza pia. Mlio wa "tik" mmoja, simama. Toa uzi, pitisha pamba mgongoni kwa urefu: ikinasa, kuna uzi wa mwanzi umenyanyuka. Kikiwa kidogo, kidondoshee gundi ile ya matone inayokauka haraka, kibane, kisha zungushia nyuzi za kitani au katani nyembamba zilizolowa epoksi kwa upana wa sm 2. Kikiwa cha sm 5 na zaidi, au kikikingama upinde, huo tabaka lake linavuliwa lote na kubandikwa upya.

---

Shabaha_Pasiansi aliandika:

Nimeelewa. Mwanzi wa mita 2 nitaufuata Sengerema, niulowekee dawa, mkole nishushe hadi mm 29 na kuuchoma tumbo kabla ya gundi. Swali dogo la mwisho: mishale iwe na uzito gani ili nisiue upinde mpya? Na nianze lini kubandika, sasa mvua zinakaribia?

---

Mwalo_Kirumba alijibu:

Mshale usipungue gramu 50 kwa upinde huo, na gramu 55 ni salama zaidi. Mshale mwepesi unauacha upinde ubaki na nguvu ambayo ilitakiwa iondoke na mshale, na inarudi kwenye gundi na kwenye ncha. Kuuachia uzi bila mshale ni mbaya kuliko vyote, mweleze kila atakayeushika.

Kubandika: epoksi haijali sana mvua, kinachojali zaidi ni mbao. Mkole na mwanzi vikishakuwa vikavu kwa mizani, viweke ndani, juu ya dari jikoni au kwenye kabati lenye taa ya joto, hadi siku ya gundi. Chagua siku isiyo na mvua, bandika asubuhi hewa ikianza kukauka, si alfajiri ukungu wa ziwa ukiwa bado umetanda, na upake vanishi tabaka 3 ndani ya wiki moja baada ya kumaliza kusawazisha, pamoja na zile ncha mbili, maana mti unakunywa maji kupitia ncha kuliko kupitia ubavu.